Hongera, Umeshinda! Lakini Ulicheza Lini?

UKURASA WA WALIMU

Wale walio na wagonjwa nyumbani tunawapa pole, na wale waliopata mtoto tunawapa hongera. Hiyo ni hongera ya kweli. Mwezi huu tutaongea juu ya hongera nyingine, ile ya uongo.

Munajua sisi walimu wa kujitolea tunaletewa simu karibu kila wiki. Mtu anakuja na kusema, "Mwalimu, nisomee hii, iko kwa Kiingereza." Tukisoma, ni barua pepe, ile tunaita imeili, na inasema mwenye simu ameshinda pesa nyingi au gari au safari ya Ulaya. Macho yake yanatutazama tunapofungua mdomo. Kumwambia mtu kwamba hakuna zawadi si kazi rahisi, hasa kama ni mzee anayetuzidi umri mara mbili. Lakini kunyamaza ni vibaya zaidi. Ndiyo maana tumeona heri tuwajibu wote pamoja hapa.

BARUA YENYEWE IKO HIVI

Zinatofautiana kidogo, lakini ukiziweka kwa Kiswahili nyingi zinafanana na hii:

"HONGERA! Anwani yako ya barua pepe imechaguliwa na kompyuta kati ya anwani za dunia nzima. Umeshinda dola 850,000 za Kimarekani katika bahati nasibu ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi. Tutumie majina yako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na picha ya kitambulisho chako. Jibu kabla ya saa 48, la sivyo zawadi itapewa mtu mwingine. Kwa usalama wako usimwambie mtu yeyote mpaka upokee pesa."

Sasa tufanye kama darasani. Tuisome mstari kwa mstari.

"Umeshinda." Ulicheza lini? Ulinunua tiketi wapi? Hata kwenye bahati nasibu ndogo ya kanisani mtu anakata tiketi kwanza. Hakuna anayevuna shamba ambalo hakulima. Kama hukucheza, hukushinda. Swali hili moja linatosha kuua nusu ya barua hizi.

"Bahati nasibu ya Umoja wa Mataifa." Hakuna kitu kama hicho. Umoja wa Mataifa wenyewe umetoa tangazo kwamba hauendeshi bahati nasibu, hautoi zawadi za pesa kwa barua pepe, hautumi kadi za benki, wala haulipi fidia kwa watu walioibiwa kwenye intaneti. Matapeli wanatumia jina hilo juu wanajua sisi wakimbizi tunaliheshimu. Kwa watu wengine wanatumia jina la kampuni kubwa ya simu, ya soda au ya kompyuta. Kila mtu anawekewa chambo anachokipenda.

Anwani ya aliyetuma. Simu nyingi zinaonyesha jina tu. Bonyeza lile jina, utaona anwani kamili. Tazama maneno yanayofuata baada ya alama ya @. Mfanyakazi wa UNHCR anaandika kutoka anwani inayoishia na unhcr.org. Ofisi inayosema iko na mamilioni ya dola, lakini inatumia anwani ya bure kama ile yako na yetu, hiyo si ofisi. Lakini muwe macho, anwani nzuri peke yake haitoshi. Wezi wanaweza kughushi jina la mtumaji, au kubadilisha herufi moja tu ambayo jicho linairuka. Kwa hiyo tazama pia wanachoomba.

"Saa 48." Hii ni haraka ya kukuzuia kufikiri. Pesa ya kweli haiozi kama nyanya.

"Usimwambie mtu yeyote." Huu ndio mstari mbaya kuliko yote. Mwizi anajua kwamba ukimwambia mkeo, mumeo, jirani au mwalimu, mmoja wao atasema ngoja kwanza. Anataka uwe peke yako. Mtu akikuomba uwafiche watu wa nyumba yako habari ya pesa, hapo hapo ujue.

"Picha ya kitambulisho." Wengine wanasema, "Sina pesa, wataniiba nini?" Karatasi zako ni mali. Mwenye jina lako, tarehe yako na picha ya kadi yako anaweza kujaribu kusajili laini ya simu au kufungua akaunti kwa jina lako, kisha amwibie mtu mwingine. Polisi wakifuata, watakuta jina ni lako. Kwetu sisi karatasi ndiyo inayosema sisi ni nani. Tusiigawe.

PESA INATOKA NAMNA GANI

Barua ya kwanza haiombi pesa. Inatafuta tu nani atajibu. Ukijibu, mtu mpole anakuandikia, anakuita ndugu, anakuulizia watoto. Kisha linakuja jambo dogo: ili cheki isafirishwe, lipa dola 45. Ukilipa, linakuja jambo la pili, kodi. Ukilipa, la tatu, cheti cha kuonyesha kwamba pesa hiyo si ya magaidi. Halafu wakili. Halafu forodha. Hakuna mwisho, juu kila ukilipa unaona uchungu kuacha ile uliyokwisha kutoa. Ndivyo mtego ulivyotengenezwa: si zawadi inayomvuta mtu mpaka mwisho, ni ile pesa yake mwenyewe iliyotangulia.

Kuna familia moja ya hapa Nakivale ambayo imetupa ruhusa tuandike, bila kutaja jina wala zoni. Baba alipata barua kama ile ya juu. Malipo ya kwanza yalikuwa dola 45, karibu shilingi 160,000 za Uganda. Akauza mbuzi. Ya pili dola 120. Akauza maharage, pamoja na yale ya mbegu. Ya tatu dola 200. Akakopa kwenye kikundi cha akiba. Jumla dola 365, zaidi ya shilingi milioni moja na laki tatu. Mama hakujua kitu, juu barua ilikataza kusema. Alijua siku wanakikundi walipokuja mlangoni kudai. Muhula ulipofunguliwa, binti yao wa sekondari hakurudi darasani. Karo yake ilikuwa kwenye yale maharage.

Baba huyo si mlevi wala mvivu. Alikuwa anatafuta njia ya kuwatoa watoto wake hapa. Ndilo jambo linalotuuma. Matapeli hawamuibi mtu kwa sababu ni mbaya. Wanamuiba kupitia tumaini lake. Na hali yetu wanaijua. Mwaka 2025 WFP ilipunguza posho hapa Uganda kwa kukosa pesa, na Januari ya mwaka huo huo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia nyingine zikiwa zimekwisha kupimwa afya na kungoja ndege. Mtu aliye na njaa na aliyefungiwa mlango, akisikia neno hongera, atasimama asikilize. Sisi hatumcheki.

UTAPELI HUU NI WA ZAMANI

Tusifikiri ni intaneti iliyouzaa. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua za karatasi kutoka kwa mtu wasiyemjua. Barua ilisema kuna tajiri amefungwa gerezani Hispania, tuma pesa kidogo atoke, naye atakugawia mali yake. Hapakuwa na mfungwa wala mali. Siku hizi watu wengi wanauita utapeli huu "419", kwa sababu kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya Nigeria ndicho kinachohusu kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Lakini tusiwalaumu Wanigeria wote. Matapeli wako kila nchi, na hapa Uganda pia tuko nao, wale wanaoitwa bafere.

Wala tusiseme wanaoibiwa ni wale wasiosoma. Kati ya mwaka 1995 na 1998, mkubwa mmoja wa benki ya Banco Noroeste huko Brazil alituma mamilioni mengi ya dola kwa watu waliomwambia kwamba wanajenga uwanja wa ndege mpya Abuja. Mmoja wao alijifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria. Uwanja huo haukuwapo. Mwaka 2005 mahakama ya Lagos ilimhukumu kiongozi wa utapeli huo, Emmanuel Nwude, kifungo cha miaka 25. Basi, kama mkubwa wa benki alidanganywa, mama wa hapa kambini asione haya kusema, "Na mimi walinijaribu."

Wengine wanatuuliza, "Mwalimu, kama ni wezi wenye akili, kwa nini barua zao ziko na makosa mengi na hadithi za ajabu?" Mwaka 2012 mtafiti wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, aliandika jibu lake. Mwizi anatuma barua kwa maelfu ya watu, lakini hana muda wa kuongea na maelfu. Hadithi ya ajabu inawafukuza wenye shaka mapema, na wanaobaki ni wale walio karibu kuamini. Kumbe ile barua ni chekecheke. Ukicheka na kuifuta, umepita kwenye matundu. Ukijibu, umebaki juu.

VIZA NA SAFARI

Hapa tunaomba msome polepole, juu ndipo wengi wanapoumia.

Watu wa kwetu wengi wanaijua bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile ya DV ambayo wengine wanaiita Green Card. Huo ni mpango ulioanzishwa kwa sheria ya Marekani, na masharti yake yanabadilika. Lakini shikeni neno hili moja: serikali ya Marekani haimwandikii mtu barua pepe kumwambia ameshinda DV. Mtu aliyejaza anajiangalia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, kwa kutumia namba ya uthibitisho aliyopewa siku alipojaza. Tovuti na anwani za serikali hiyo zinaishia na .gov. Kama hukujaza, huna namba, na huwezi kushinda. Na kama mtu wa duka la intaneti alikujazia, hakikisha namba hiyo unaishika wewe, asibaki nayo yeye.

Kuhusu kuhamishiwa nchi ya tatu: UNHCR haiuzi nafasi. Usajili, mahojiano, fomu na huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Anayesema kwamba jina lako limetoka lakini ulipe dola 100 ili faili isonge mbele, awe kwenye imeili, kwenye WhatsApp au amekuja mlangoni na kitambulisho shingoni, huyo ni mwizi. Mpeleke kwa ofisi, usimpelekee pesa.

Na kazi za Kanada, Australia au nchi za Ghuba? Kanuni ni ile ile. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Ukiambiwa umepata kazi ambayo hukuomba, bila kuulizwa hata unajua kufanya nini, uliza lile swali letu: niliomba lini?

WAKIIBA NENO LA SIRI

Kuna barua nyingine ambayo haiombi pesa kabisa. Inasema akaunti yako itafungwa, au inasema bonyeza hapa uchukue zawadi. Ukibonyeza, unafika kwenye ukurasa unaofanana na Yahoo au Gmail. Ukiandika neno lako la siri, unampa mwizi. Yeye anaingia kwenye imeili yako, anatafuta majina ya ndugu zako walio Marekani, Norway au Australia, na anawaandikia kwa jina lako: "Mtoto amelazwa, nitumie dola 200 haraka kwa namba hii." Ndugu anatuma. Siku mkiongea ndipo inajulikana, na yeye amekwisha kukasirika, amesema hatatuma tena. Hata mtoto akiugua kweli, hataamini. Udugu mzima unaharibika kwa kubonyeza mara moja.

Fanyeni hivi. Kwanza, usiingie kwenye akaunti kwa kubonyeza kiungo cha barua, andika anwani mwenyewe. Pili, neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Tatu, washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akijua neno la siri akose ile namba inayokuja kwenye simu yako. Namba hiyo usimtajie mtu, hata akisema ni mfanyakazi wa kampuni. PIN ya pesa ya simu ni hivyo hivyo. Nne, ukitumia kompyuta ya duka la intaneti, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Tano, kubalianeni na ndugu zenu walio mbali: kila habari ya kuomba pesa ithibitishwe kwanza kwa kupiga simu na kusikia sauti.

MTOTO ANAPOSOMA BARUA YA MZAZI

Jambo hili linatugusa sana sisi walimu. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayejua Kiingereza, kwa hiyo ndiye anayesoma. Tumesikia watoto waliosema, "Baba, hii ni uongo," wakajibiwa, "Wewe hutaki twende, umezoea kambi." Wengine wanaogopa, wanasoma na kunyamaza. Na wengine ni wao walioileta barua, wakamfurahisha mzazi, na sasa hawajui kurudi nyuma.

Wazazi wetu, kwa heshima yote tunaomba: mtoto akileta shaka, msione kama amevunja heshima. Ametumia kile mlichomtuma shuleni akatafute. Na ninyi wadogo zetu, msimcheke mzazi mbele za watu. Semeni kwa adabu, "Baba, tungoje mpaka kesho, tumuulize mtu mwingine." Neno "kesho" linawaua matapeli kuliko polisi. Na mume asiuze kitu cha nyumba bila mke kujua, wala mke bila mume. Kama zawadi ni ya kweli, itaweza kusikilizwa na masikio mawili.

KAMA UMEKWISHA KULIPA

Acha kulipa leo. Usiseme "hii ya mwisho." Usimjibu tena, hata kwa matusi, juu ukijibu anajua kwamba uko. Kama ulituma kwa simu, piga huduma kwa wateja wa kampuni yako saa hiyo hiyo. Kama pesa haijatolewa, wakati mwingine wanaweza kuizuia. Kama ulituma kupitia wakala wa kutuma pesa nje, rudi kwake na risiti kabla haijachukuliwa. Barua na risiti usizifute, ni ushahidi. Badilisha neno la siri. Kama ulituma picha ya kitambulisho, toa taarifa polisi na kwenye ofisi ya ulinzi, ili siku jina lako likitumiwa vibaya iwe imeandikwa kwamba wewe ulilalamika kwanza. Uganda iko na sheria ya mwaka 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta, na utapeli wa mtandao ni kosa ndani yake. Mkimbizi ana haki ya kushtaki kama mtu mwingine.

Kisha jihadhari na mwizi wa pili. Baada ya wiki kadhaa itakuja barua nyingine: "Sisi ni wanasheria, tunarudisha pesa za walioibiwa, lipa ada kidogo." Mara nyingi ni wale wale, au wamemuuzia mwingine jina lako. Pesa iliyoibiwa haiombi nauli ya kurudi.

MANENO MATANO YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Sikucheza, kwa hiyo sikushinda.
2. Zawadi ya kweli hailipiwi.
3. Anayekataza nisiseme nyumbani ni mwizi.
4. Kitambulisho, neno la siri na PIN havitumwi kwa mtu nisiyemjua.
5. Kabla ya kutuma, nangoja kesho na kuuliza watu wawili.

Watoto wa shule tunawaomba wayaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na kila mmoja ayasome nyumbani jioni kwa lugha ya kwao, Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi, yoyote ile. Ukiwa na barua yenye shaka, ilete shuleni baada ya vipindi. Hatutauliza bei, hatutacheka, na hatutalitaja jina lako nje.

Yule binti tuliyemsema bado hajarudi darasani. Wazazi wake wanalipa kikundi kidogo kidogo baada ya mavuno, na wanakikundi wamekubali kungoja. Walio na vitabu vya sekondari wasivyovitumia tunawaomba wavilete kwetu, tutavifikisha kwake na kwa wenzake walio katika hali kama hiyo, ili wasisahau wakiwa nyumbani.

Mubaki salama, tuonane mwezi ujao.

Sisi walimu wenu wa kujitolea